Visanduku vya Bwana Han

Uzi wa pamba ukiungua unanuka karatasi. Ukinuka plastiki na kuacha kidonge kigumu, ujue umeuziwa poliesta. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, kwa sababu mama yangu alikuwa akiunguza uzi kila siku ya Mungu kwenye soko la vitambaa la Zhongda, Guangzhou, Uchina, huku mimi nimemshika pindo la baibui. Wiki iliyopita nilikuwa hapo hapo sokoni, namtafsiria mfanyabiashara mmoja wa Mwanza. Muuzaji akachomoa uzi, akawasha kiberiti cha gesi, na ile harufu ikanipanda puani. Ilinibidi nimwache mteja wangu na bei zake nikasimame nje kati ya mikokoteni. Nimefika umri ambao watu wanatarajia mtu awe ameshasamehe. Mimi sijasamehe, na sioni sababu ya kuficha.

Tulikuwa tunakaa Xiaobei, ghorofa ya saba, kwenye korido ndefu yenye vyumba pande zote mbili. Majira ya ukungu kuta zilitoa jasho, nguo zikikaa kambani siku nne zikavunda, na Mama alizikausha kwa feni huku akilalamika kwamba nchi hii hata ukuta unalia. Baba alikuwa Dar, Kariakoo, akipokea mizigo. Mama alikuwa huku akinunua. Ndivyo walivyogawana kazi, na kwa macho yangu ndivyo ndoa zote duniani zilivyokuwa, baba ni sauti ya kwenye simu. Mimi nilikuwa na miaka minane. Mdogo wangu Nadhir alikuwa na miezi saba na moyo mbovu. Daktari alishasema wazi kwamba moyo ule haukuumbika vizuri na mtoto bado mdogo mno kupasuliwa, tumlee tukisubiri akue. Basi Mama akawa hamweki chini ila wakati wa kuswali. Alipika naye mgongoni, alifua naye mgongoni, na sokoni alikwenda naye mgongoni, amemfunga kwa kanga, kofia ya kijani ya sufi ikichungulia begani.

Chumba kinachotazamana na chetu alikuja kupanga Mkorea mmoja, Bwana Han. Dada yake alikuwa na duka la vifungo na zipu karibu na Zhongda, na ndiye aliyemtafutia chumba. Haikupita wiki wanawake wa korido wakawa wameshamchambua: mtu mzima, hana mke, hana biashara, ana shati moja la buluu, na anashinda ndani akiandika. Mama Chande, aliyekuwa akiwapikia wafanyabiashara wetu wali na maharage chumbani kwake, aliamua kwamba yule ni mgonjwa wa akili, akawa anampelekea sahani.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mwandishi na mwongozaji wa filamu aliyefilisika. Filamu yake ya kwanza, aliyoitengeneza akiwa kijana, iliwafanya watu wa Seoul wamsifu hadi wakachoka. Ya pili ilidoda. Ya tatu ilidoda vibaya zaidi, na waliotoa mtaji wakaacha kupokea simu zake. Miaka kadhaa akaishi kwa kuwaandikia wenzake miswada isiyo na jina lake, kisha hata hiyo ikakauka, ndipo dada yake akamwambia aje Guangzhou apate angalau pa kulala. Haya yote nimeyasoma kwenye mahojiano yake, moja baada ya jingine. Nadhani hakuna shabiki wake anayeijua kazi ya yule mtu kama ninavyoijua mimi ninayemchukia.

Wakati ule nilichokiona ni mzee anayeacha mlango wazi ili upepo upite, na sakafu nzima imetandikwa karatasi. Kwenye kila karatasi kulikuwa na visanduku sita vya penseli, na ndani ya kila kisanduku picha ileile ikiwa imesogea kidogo. Mwanamke yuko mlangoni, mwanamke ameingia, mwanamke ameketi. Siku ya kwanza nilisimama kizingitini hadi miguu ikafa ganzi. Akaniita kwa Kichina chake kibovu. Mimi nilikuwa nasoma shule ya pale mtaani na Kichina kilikuwa kinateleza mdomoni, nikawa namsahihisha, naye akawa ananipa biskuti za ufuta. Nikamzoea, nikamwita Anko.

Siku Nadhir alipofariki tulikuwa Zhongda. Ilikuwa asubuhi ya joto, bajaji za mizigo zinapiga honi, vumbi la pamba limejaa hewani hadi unaling'ata. Mimi nilikuwa nimetangulia mbele, narukaruka juu ya karatasi za kufungia mizigo. Nilipogeuka nikamwona Mama amesimama katikati ya njia na watu wanampita huku na huku. Mkono mmoja ameuweka nyuma, kwenye mgongo wa Nadhir. Mkono wa pili ameuingiza chini ya mtandio, ameshika tama, macho yako chini. Kwetu mtu akishika tama vile watoto huacha kucheza. Nikaacha kuruka.

Kisha akaja, akanipita bila neno, akaingia duka la mama mmoja wa Kichina tuliyezoeana naye. Tulimwita Laobani, bosi, kama tulivyomwita kila mwenye duka.

"Muulize ana pamba nyeupe," Mama akaniambia. "Iliyo safi, isiyo na mchanganyiko."

Laobani alishangaa. "Nyeupe? Kila siku mnachukua ya maua."

Mama akafungua kanga, akamlaza Nadhir juu ya majora yaliyopangwa pale mbele, akashika kile kitambaa kwa mikono miwili. Alikivuta, akakifikicha, akakinyanyua kwenye taa ya mrija. Akachomoa uzi, akauwasha, akaunusa, akatikisa mkono wa kushoto kama alivyofanya siku zote moto ukimfikia vidoleni. Mimi nilikuwa namtazama Nadhir. Alikuwa ametulia, kiganja kimefunguka, wala hahemi kwa shida kama ilivyokuwa kawaida yake. Nilifurahi. Nikasema leo amelala vizuri.

Mama aligeuka kumchukua, na mikono yake ikabaki juu ya kifua cha mtoto kwa muda mrefu. "Mwambie Laobani akate," akasema.

"Akate kiasi gani?"

"Akate tu, Salha."

Laobani alikuwa ameshaelewa bila mimi kutafsiri. Alichukua mkasi wake mkubwa, akakata, akakunja mara nne, akamwekea Mama mkononi. Mama akamrudisha Nadhir mgongoni, akamfunga, tukapanda basi. Watu walimpisha kiti akakataa, akasimama njia nzima. Tulipofika kwenye korido aliwaambia wanawake waliotupokea, "Mungu amemchukua mja wake," na zaidi ya hapo hakueleza kitu. Kitambaa kile ndicho alichovikwa Nadhir kuzikwa.

Siku zilizofuata watu wazima walisoma Kurani chumbani kwetu na mimi niliambiwa nikacheze nje. Nje ilikuwa korido, na kwenye korido kulikuwa na mlango mmoja tu uliokuwa wazi. Bwana Han aliniuliza mdogo wangu yuko wapi. Nikamwambia yote, kuanzia Mama alivyosimama njiani hadi basi. Hakusema pole. Alivuta karatasi.

Alimchora Mama akiwa ameshika tama katikati ya soko. Alimchora Nadhir juu ya majora, kiganja kimefumbwa. Kwenye kisanduku cha pili kiganja kikawa kimefunguka kidogo, cha tatu zaidi. Niliona mkono wa mdogo wangu ukisogea, na hapo akili yangu ya miaka minane ikapata jibu ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amenipa: Anko anamrudisha. Kazi yake ndiyo hii, ndiyo maana hana biashara nyingine. Kilichobaki ni kumsaidia asikosee. Basi nikawa nampelekea Nadhir kipande kipande, rangi ya kofia, sikio la kulia lililojikunja, Mama anavyotikisa mkono akiungua. Nilimwambia mkono aliouchora ni mdogo mno, akafuta, akachora upya. Wiki nzima, wiki ya pili, hadi mwezi. Mama sikumwambia. Nilitaka siku moja nimshike mkono nimvushe korido nimwonyeshe.

Asubuhi moja nikakuta mlango una kufuli. Kwenye kitasa chetu kilitundikwa kifuko cha biskuti za ufuta. Niliteremka ngazi ghorofa saba kwa miguu mitupu, nikarudi nikamwambia Mama kwamba Mkorea amemwiba Nadhir. Akanizaba kofi. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo na hakunipiga tena. Biskuti zile nilizitupa chooni moja moja, na kila moja nikiitamkia jina la Bwana Han.

Filamu yake ilitufikia nikiwa na miaka kumi na moja. Wewe wa rika langu huna haja ya kukumbushwa enzi zile za sidii za Kariakoo, muvi za Kikorea zilizotafsiriwa. Dijei mmoja anajifungia kichumba Dar, anapunguza sauti za watu wote, anaongea yeye peke yake kwa niaba ya wanaume, wanawake, vichanga na mbwa. Pale asipoelewa anatunga, na sisi tulimpenda kwa huko kutunga kwake. Kikorea hakujua hata salamu, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Wafanyabiashara walikuja nazo masandukuni, na jioni ya Jumapili wanawake walijazana kwa Mama Chande kutazama. Siku hiyo Mama naye alikuwepo, amekaa mkekani na sahani yake.

Niliitambua korido kabla mtu yeyote hajazungumza. Kisha akatokea mwanamke mweusi, mtoto mgongoni, kofia ya kijani. Akasimama katikati ya soko la vitambaa akashika tama.

"Mcheki huyu mama," akasema dijei kutoka kwenye spika, kwa furaha kabisa. "Biashara imemkolea. 'Laobani, nipe nyeupe, majora kumi, wateja wananisubiri!' Mtoto kamtupa juu ya vitambaa kama furushi, hana habari naye. Mtoto anakata roho, mama anaunguza uzi!"

Wanawake hawakugeuka wote kwa pamoja. Waligeuka mmoja mmoja, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama Chande aliokota jalada la sidii akaisogeza picha ya mwongozaji karibu na macho. "Si Mkorea wetu huyu?" akasema. Mwingine, sitamtaja, akasema polepole, "Kumbe ulimweka chini, Mama Salha." Mama alimaliza wali wake, akanawa, akanishika mkono tukatoka.

Sidii ileile ilikuwa inachezwa Dar nzima. Shangazi aliiona, akamwita Baba. Simu ilipoita nilikuwa nimekaa karibu na Mama kiasi cha kusikia kila kitu.

"Nijibu neno moja tu," Baba alisema. "Ulimweka chini au hukumweka?"

"Nilimweka," Mama akajibu.

Nilisubiri aendelee. Nilisubiri aseme kwamba mtoto alishamfia mgongoni, kwamba alikuwa anachagua sanda, kwamba hata kwenye sanda hakutaka mwanawe avikwe poliesta. Hakusema. Niliona ni kiburi, nikampenda kwa kiburi hicho na papo hapo nikamchukia. Talaka ilikuja baada ya wiki tatu ndani ya bahasha, imechomekwa kwenye mfuko wa dagaa ulioletwa na mfanyabiashara ambaye hakujua amebeba nini. Na kwenye korido wanawake wakaacha kumpa Mama watoto wao awashikie. Talaka aliistahimili. Hilo la watoto nilimwona linamla, kila mama mwenye kichanga akimpita mlangoni na kumwachia mtu wa chumba cha mbele.

Basi nikamwekea Bwana Han kisasi. Sikuwa mtoto wa kulia. Nilikwenda duka la dada yake nikaomba kazi ya kupanga vifungo kwa saizi baada ya shule, bila malipo, anifundishe Kikorea tu. Yule mama alinipenda, masikini. Alidhani ni bidii. Miaka mitatu nilikaa kwenye kiti kile kidogo nikijifunza lugha nzima kwa ajili ya kuja kumtukana mtu mmoja, kaka yake, na alipokuwa akinisifia matamshi nilikuwa namwambia asante huku moyoni mwangu kuna moto.

Wakati huohuo kaka mtu alikuwa anapaa. Ile filamu ndiyo iliyomrudisha. Ile picha ya mwanamke aliyeshika tama sokoni ikawa bango lake, ikabandikwa kwenye majumba ya sinema ya nchi nisizozijua, na wachambuzi wakaandika kurasa nzima kuhusu mkono ule shavuni. Akapata mtaji wa filamu ya tano, ya sita, akaandika tamthilia ya televisheni iliyopendwa, akaitwa kufundisha vijana uandishi wa miswada. Kila alipopandishwa jukwaani nilifungua picha zake mtandaoni, kisha nikamtazama Mama aliyekuwa akishona vifungo vya kanzu za watu chumbani, nikajua nani kamlipia tiketi. Filamu yenyewe sikuitazama tena. Nilikuwa na uhakika na kilichomo.

Miezi michache iliyopita alikuja. Jumba moja la sinema hapa mjini lilikuwa linaonyesha filamu zake zote, na usiku wa mwisho, kwa heshima ya mji alikoiandikia, ile. Nilivaa vizuri. Nilikuwa na maneno yangu ya Kikorea nimeyakariri, maneno ambayo dada yake hakunifundisha. Nikakaa safu ya tatu.

Filamu ikaanza, na kwa mara ya kwanza maishani nikaisikia. Mwanamke aliingia dukani akasema kwa sauti ndogo, "Nataka nyeupe. Ni ya mwanangu." Muuzaji akainama. Mama akamlaza mtoto taratibu, akashika kitambaa, akaanza kukikagua, na kamera haikuondoka usoni kwake. Nilisubiri tusi. Halikuja. Alichokitengeneza Bwana Han ni kile nilichomwambia mimi nikiwa na miaka minane, karibu neno kwa neno, hata mkono ulikuwa na ukubwa nilioutaka. Watu walikuwa wanalia pande zangu zote mbili. Mimi nilikaa pale kama mtu aliyeshika kisu na mwenye kosa hayumo chumbani. Sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika dakika ile.

Ulipofika wakati wa maswali nilisimama hata hivyo.

"Naitwa Salha," nikasema kwa Kikorea. "Nilikuwa nakaa chumba kinachotazamana na chako."

Alivua miwani. Alikuwa amezeeka, ana mkongojo. "Ulikuwa unanigombeza kuhusu mkono," akasema.

"Hukumwomba mama yangu ruhusa."

"Sikumwomba. Niliogopa atakataa, na sikuwa na kitu kingine chochote cha kuandika."

"Baba yangu alimwacha kwa sababu ya filamu hii."

Alinitazama bila kuelewa, na angeelewaje. Ningeweza kumweleza habari za dijei na sidii na Kariakoo. Sikumweleza. Nilimwacha aende na sentensi ile kama ilivyo, aamke nayo kila asubuhi akijiuliza alikosea kisanduku kipi. Hilo ndilo fungu lake. Nikamwambia nataka nakala ya filamu, sauti zikiwa zimetenganishwa, na barua ya kuniruhusu niitie sauti ya Kiswahili. Msaidizi wake aliniletea kila kitu baada ya siku mbili.

Yule dijei nilimsaka hadi nikampata. Siku hizi anauza simu Mbagala. Hakuikumbuka filamu. "Dada, zile nilikuwa natafsiri tatu kwa siku," aliniambia. "Nilikuwa naangalia sura tu, nasema." Nilimtukana hadi akanikatia simu, nikampigia kwa namba nyingine nikaendelea.

Kisha nikajifungia na blanketi kichwani, kelele zisiingie, nikatia sauti yangu. Nilipofika pale dukani nilisema maneno ya Kikorea kama yalivyo, na juu yake nikaongeza langu, kama madijei wanavyoongeza: "Mama huyu alishajua. Mwanawe amemfia mgongoni." Wa kwanza kumwonyesha alikuwa Mama. Alivaa miwani yake ya kushonea, akatazama kimya hadi mahali pale.

"Rudisha nyuma," akasema. Nikarudisha. Akatazama tena. "Nani amekwambia nilijua?"

"Nilikuona. Ulisimama njiani, ukamgusa mgongoni, ukashika tama. Ndipo ukaenda kuomba nyeupe."

"Nilikuwa nimeshika simu." Aliisema kama mtu anayeniambia chumvi iko wapi. "Ile ndogo, nilikuwa naiweka ndani ya mtandio nisiibiwe. Alikuwa baba yako. Anataka pamba nyeupe ya kanzu, watu wa Idi wamemjaa dukani. Nikamwambia mtoto leo hajaamka vizuri, nataka nirudi nyumbani. Akasema pitia mara moja tu."

Mama akaendelea.

"Huyo dijei mnayemtukana hakukosea sana. Nilikuwa kazini. Nilimlaza nikijua amelala."

"Alikuwa hai ulipomlaza?"

"Sijui, Salha. Pengine mgongoni, pengine pale juu. Baba yako aliponiuliza, nilimjibu lile moja nililokuwa na hakika nalo."

"Kwa nini hukumwambia alikutuma yeye?"

"Angeishi vipi?" Alivua miwani akaifuta kwa kanga. "Filamu yako ni nzuri, ipeleke, watu waone. Ila hilo la simu usimwambie. Niahidi."

Nikamwahidi. Nikaituma filamu kwenye magrupu yote, Guangzhou na Dar. Haikuchukua siku tatu. Mama Chande, sasa bibi wa Tandika, alimpigia Mama akalia kwenye simu saa nzima. Mwanamke mmoja wa jengo letu alikuja na kichanga chake, akamwambia Mama amshikie aende dukani mara moja, na Mama alimshika kwa namna ambayo nilitoka nje nisimwone. Jina lake lilikuwa limerudi. Kila nilichokitaka tangu nikiwa na miaka kumi na moja kilikuwa kimetimia, na ningekuwa mtu mwingine ningeishia hapo.

Ijumaa, baada ya swala, Baba akapiga.

"Salha mwanangu, nimeiona," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mzee. "Kumbe alikuwa anamnunulia sanda. Nimemdhulumu mama yako miaka yote hii. Nataka nije nimwombe radhi kabla sijafa."

Nilisikia kwamba kuna nafuu ndani ya kilio chake. Alikuwa anajiandaa kusamehewa. Nilimwona amekaa barazani kwake na mke wake na watoto wake wengine, ameshajifuta machozi, moyo umekuwa mwepesi.

"Haikuwa sanda, Baba," nikasema. "Ilikuwa pamba yako ya kanzu."

"Pamba gani?"

"Ya Idi. Alikwambia mtoto hajaamka vizuri. Ukamwambia apitie mara moja tu."

Sikukata. Nilibana simu sikioni kwa nguvu, nataka nisikie kila kitu, na nilisikia pumzi inavyoingia na kukwama, na mtoto mdogo nyuma yake akimuuliza Babu una nini.

"Mama yako ndiye aliyekutuma uniambie?" akauliza mwishoni.

"Mama alinikataza. Amekuficha miaka yote hii ili uweze kulala."

Simu ilikatika, sijui kwa mkono wake au kwa mtandao. Nilikaa nikingoja ile raha. Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama mlangoni, na kwa jinsi alivyoegemea fremu nilijua yuko pale tangu mwanzo.

"Alinichukulia nyumba, nikamwachia," akasema. "Nadhir naye kaenda. Hilo moja la kumficha ndilo nililokuwa bado nampa baba yako kila siku, na alikuwa hajui, na lilikuwa langu. Sasa nimpe nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba hastahili kupewa chochote. Alikuwa ameshavaa baibui kama mtu anayekwenda kwake, anatafuta namba ya Baba kwenye simu yake, na bila miwani hakuwa anaiona vizuri. Akanipa mimi simu nimpigie.